Mwisho Niliouongeza Kwenye Hadithi ya Kihenge

Jumapili, Mikumi. Mvua imeninyeshea toka Kilosa mpaka hapa, na viatu vyangu viko nje ya mlango vimejaa tope la Kidete. Sina hamu ya kuviosha. Nimekunywa chai bila sukari kwa sababu nilisahau kuweka, na nilipogundua nikaona ndiyo inayonifaa leo.

Shajara, kwa kawaida naanza na wageni wa hoteli. Nyani walioingia stoo wakala mikate, mzungu aliyeuliza kama simba wanapumzika Jumapili, mambo kama hayo. Leo sina moyo wa kuchekesha. Ni mambo ya kuchekesha ndiyo yaliyonifikisha hapa.

Kwa aliyeingia leo kwenye ukurasa huu: naitwa Zuhura. Napokea wageni kwenye hoteli moja ya barabarani hapa Mikumi, na kazi niliipata kwa sababu ya Kifaransa nilichosoma chuoni. Kifaransa chenyewe nakitumia zaidi kuwaeleza watu kwa nini maji ya moto hayatoki. Ilikuwa hivyo mpaka alipokuja bibi mmoja wa Kifaransa, mwalimu mstaafu wa maandishi ya kale, mvua ikaharibu njia za hifadhini akawa hana pa kwenda. Tukazoeana pale mapokezi. Aliporudi kwao akaanza kunitumia kwenye barua pepe hadithi fupi za Ufaransa ya miaka mia tano, mia sita iliyopita, enzi vitabu vikiandikwa kwa mkono.

Nilizipenda kupita kiasi. Ni hadithi za wakubwa waliokaa pamoja baada ya kula, kila mmoja akitoa yake: mke mjanja, mume mzito wa kuelewa, mtawa mwenye tamaa. Mwandishi aliziandika kwenye ngozi ya ndama iliyolainishwa, na juu ya hadithi akaweka, mara nyingi kwa wino mwekundu, jina la aliyeisimulia. Nyingi zinaanza kwa kuapa kwamba jambo lenyewe limetokea juzijuzi, mji fulani, kwa watu wanaojulikana. Mwalimu wangu alinionya mapema kwamba nisiwaamini. Hadithi ileile unaikuta mji mwingine, mume ni mwingine, na ilishasimuliwa zamani kabla hata msimulizi hajazaliwa. Na mnakili naye si wa kumwamini sana. Akichoka anaruka mstari, akichangamka anaongeza wake.

Nikawa nazitafsiri humu. Mlizisoma, wachache lakini waaminifu, na nikajiona msomi.

Hilo nalo liandikwe.

Mwezi uliopita alifariki Mzee Damiani wa Zombo, Msagara, rafiki wa marehemu babu yangu tangu walipofanya kazi pamoja relini. Sisi ni Wanyamwezi. Babu aliletwa huku na reli akabaki. Kwetu sisi Wasagara ni watani, na mtani akifa unakwenda msibani kumtania. Asiyeijua desturi hii angedhani tumerukwa na akili. Shangazi Mwamini, dada yake baba, ndiye mkali wa utani kwenye ukoo wetu. Alifika akavaa koti la marehemu, akachukua fimbo yake, akapita katikati ya waombolezaji akichechemea vilevile alivyokuwa akichechemea Mzee Damiani, mpaka mbele ya mjane. Akamwambia asogee kwenye mkeka, mume wake amerudi amechoka. Mjane hakuwa amefungua mdomo tangu mume akate roho. Akacheka mpaka wakamshika, na kicheko kikageuka kilio, kilio kizuri cha kutoka chote. Hiyo ndiyo kazi ya mtani.

Kisha Shangazi akaketi akatoa hadithi.

Kwamba marehemu, enzi za ujana, alikuwa na mke wa mtu huko relini. Siku moja yuko kwa huyo mwanamke, mume amekwenda kazini, mto ukafurika ukala tuta la reli. Treni ikakwama, mume akarudi kwa miguu. Marehemu akaona bora aingie kwenye kihenge, lile ghala la kufuma wanaloweka mpunga ndani ya nyumba. Mume naye hakuja kukaa, maji yalikuwa nyuma yake. Akauliza, mke wangu, tuokoe nini kwanza? Mke akasema, kihenge, mume wangu, hicho ndicho chakula chetu cha mwaka mzima. Basi mume akaita jirani, wakakibeba, maji yakiwafika kifuani, wanapanda nacho mlimani. Mume anahema, anasema mpunga wa mwaka huu umejaa vizuri. Vumbi la mpunga likamwingia marehemu puani. Kihenge kikapiga chafya. Mke akasema, panya hao. Mume akasema, kwa chafya ile, panya huyu apelekwe hospitali.

Wazee walifuta machozi kwa kofia zao. Mjane mwenyewe alisema kwa sauti, "Ndiyo maana alikuwa hapendi wali," na wakaanza kucheka upya. Na hapo ndipo Shangazi alipoishia. Hakutaja kijiji wala jina la mwanamke, na mtoto hakuwemo.

Nilirudi Mikumi nikiwa nawaka. Ilikuwa ni hadithi ya kwenye ngozi ya ndama, imesimuliwa Zombo, na aliyeisimulia ni shangazi yangu mwenyewe. Siku yangu ya mapumziko niliketi nikaiandika. Juu kabisa nikaweka kwa herufi nyekundu, kama wao: Imesimuliwa na Shangazi Mwamini. Nikaanza kama wao: jambo hili limetokea kweli, Kidete, mwaka wa yale mafuriko makubwa, kwa mtu wa gengi, wale wanaotengeneza njia ya reli, na mke wake. Kidete niliichagua kwa sababu mto Mkondoa umeshaichezea reli pale na kila mtu anajua. Ilisomeka vizuri.

Nilipofika kwenye chafya nikaona hadithi inaisha mikononi mwangu. Hadithi za mwalimu wangu zinafunga kwa mstari mmoja wa kuchoma. Nami nikaongeza wangu: kwamba miezi ilipotimia yule mke alijifungua mtoto wa kiume, na mtoto alipoota meno yakawa na mwanya mbele kama wa yule panya wa kwenye kihenge, na mume alimpenda kuliko wote.

Ule mstari ndio mliousifia.

Mtu akainakili akaipeleka WhatsApp. Jina la ukurasa huu likadondoka njiani, na jina la Shangazi likadondoka. Baada ya muda binamu yangu wa Morogoro akanitumia hadithi yangu mwenyewe, na kihenge kimekuwa pipa. Nikaipata nyingine ambayo mume ni mkata tiketi. Nataka niseme ukweli hapa: nilifurahi. Nilimwandikia mwalimu wangu Ufaransa nikamwambia tazama, tuna nakala mbili zinazotofautiana, na zote mbili zimetoka kwenye ile yangu. Akajibu kwa furaha, akaniuliza kama naweza kupata nyingine. Tulikuwa tunacheza kama watoto.

Nikapata nyingine. Mnakili wa hii alikuwa mtu wa Kidete. Alitazama kijijini kwake akatafuta mtu wa gengi aliyepata mtoto wa kiume baada ya mafuriko, mtoto mwenye mwanya, na akampata. Mwishoni akaandika kwamba mwanamke huyo ni mama yake Elia, muuza mchele.

Kaka Elia hutuletea mchele hapa hotelini, mlango wa jikoni. Namjua miaka. Ni mtu mzima wa heshima zake, na ana mwanya mpana kiasi kwamba akicheka unauona huo kabla hujamwona yeye. Siku niliyoandika ule mstari nilidhani nimeutoa kichwani. Niliutoa kinywani mwake. Nilikuwa nimemwona wiki ileile ananitania kwamba Mnyamwezi hajui kupika wali, anacheka, na mimi nikabeba meno ya watu nikaenda kuyapanda kwenye hadithi bila hata kujua.

Alinipigia simu juzi. Sauti ilikuwa ya chini.

"Dada Zuhura, ile stori ya kihenge nimeambiwa imeanzia kwako. Ni kweli?"

Nikamwambia ni kweli, lakini ni utani tu wa msibani Zombo.

"Zombo nilikuwepo," akasema. "Nilicheka na mimi. Mtoto hakuwepo."

Kisha akaongeza:

"Kuna mtu kamsomea mzee. Sasa hali chakula nyumbani. Asubuhi anachukua fimbo anakwenda kula kwa jirani, jioni hivyohivyo. Hasemi na mtu. Nikimwamkia anaitikia, halafu ananiangalia mdomo."

Angenitukana ningelala. Alisema tu kwamba ana mzigo wa kufuata Kilangali, na akakata.

Nilifuta hadithi hapa papo hapo. Ndiyo maana mkiitafuta hamuioni. Kufuta kwenyewe hakujasaidia chochote, kwa sababu zile nyingine si zangu tena na siwezi kuzifikia.

Jana nikaomba ruhusa nikaenda Kilosa kwa Shangazi. Nilimkuta kibarazani anachambua maharage. Nilikwenda nikiwa na tumaini moja la kijinga. Nilitaka anitajie mwanamke halisi wa hadithi ile, mtu wa mbali, aliyekwishafariki, ili niende Kidete niseme mmekosea, alikuwa fulani. Yaani nilikuwa tayari kumhamishia mtu mwingine aibu, mradi hawezi kunipigia simu.

"Ile?" Shangazi akasema. "Ile nimemsimulia Damiani, nimemsimulia yule fundi cherehani wa hapa mjini, nimemsimulia na mzee mmoja wa Kilangali. Nilimsikia nayo marehemu baba yangu, aliisimulia msibani Tabora, wala hakukuwa na mto. Kila maiti namwingiza kwenye kihenge."

"Kwa hiyo haikutokea?"

Aliacha maharage akanitazama. "Zuhura. Ningekuwa najua kweli Damiani aliingia kwa mke wa mtu, ningeyasema mbele ya mjane wake?"

Mtoto wa darasa la tatu wa Zombo anajua hilo. Tunamzushia marehemu kwa sababu wote waliokaa pale wanajua tunazusha, na mjane anajua kuliko wote, ndiyo maana anaweza kujibu. Mimi niliyeonywa nisiamini "limetokea juzijuzi", niliyewaandikia nyinyi maelezo marefu juu ya hadithi zinazohama mji na kubadilisha waume, nilikaa kwenye mkeka wa nyumbani nikamwamini shangazi yangu. Nikaenda kuwapa wasiokuwepo, nikawaapia kwamba ni kweli.

"Na jina langu uliweka?" akauliza.

"Niliweka."

"Wapi?"

"Juu kabisa. Kwa nyekundu."

"Juu ya mtoto ambaye sikumtaja." Akarudi kwenye maharage. Kisha akasema, "Wala Damiani hakuwa na mwanya. Meno yake yalibanana, nyama ilikuwa inamkwama mpaka anaomba kijiti. Kama unataka kuzusha, ungeuliza." Halafu akasema mtani humtania mtu usoni, kwa hiyo nami niende Kidete nikaseme usoni.

Kwa hiyo leo nimekwenda.

Nilifika watu wametoka kanisani. Mama Elia alikuwa uani kwake anapembua mchele, mwanamke mrefu, kitambaa cheupe bado kichwani. Kaka Elia hakuwepo, hajarudi na mzigo wake. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba mwanangu, akanipa kigoda, akauliza mimi ni mtoto wa nani. Nilipomtajia babu alipiga makofi.

"Kumbe mtani wangu! Inuka kwanza hapo, kigoda cha Msagara hakikaliwi bure na Mnyamwezi."

Alikuwa na furaha ya kweli. Akaniletea maji ya kunawa, akapakua wali na maharage, na pembeni kulikuwa na sahani nyingine imefunikwa. Nikaona siwezi kula kabla sijasema. Nikapiga magoti nikaanza kuomba msamaha kwa yale niliyoandika juu yake, nikasema najua nimemvunjia heshima, najua nimemletea maneno ndani ya nyumba.

Akaniuliza, "Maneno gani?"

Hakuwa anajua.

Kijiji kizima kinajua, Morogoro wanajua, binamu yangu anajua. Mtu mmoja tu ndiye aliyefichwa, na aliyekuja kumwambia ni mimi. Nilitamani ardhi inimeze, lakini nilishafungua mdomo.

"Mzee mbona ameacha kula hapa kwa sababu ya chumvi," alisema, polepole, kama ananisahihisha. "Zahanati walisema presha imepanda, nipunguze chumvi. Nikapunguza. Akaanza kwenda kwa jirani. Nikasema hajapenda. Nikarudisha kidogo, bado. Nikarudisha yote." Akaitazama ile sahani iliyofunikwa. "Nilidhani ni chumvi."

Siku zote hizo mwanamke huyu amekuwa akipika na kuonja, akipika na kuonja, akitafuta kosa kwenye sufuria.

Akaniambia nimsomee. Nilikuwa na nakala kwenye simu. Nikasimama mbele yake nikasoma yote, mafuriko, kihenge, mpunga uliojaa vizuri. Nilipofika kwenye panya apelekwe hospitali, alicheka, hakuweza kujizuia, akafunika mdomo kwa kanga. Kisha nikafika kwenye mstari wangu. Nikausoma. Kile kicheko kilimwisha usoni mbele ya macho yangu, na sidhani kama nitaacha kukiona.

Akanyanyuka, akachukua ile sahani, akatoka nayo nje, nami nikamfuata.

Mzee Lukasi, mume wake, alikuwa amekaa kibarazani kwa jirani, fimbo katikati ya magoti. Ni mzee mwembamba, mashavu yameingia ndani. Mama Elia akaweka sahani kwenye benchi kando yake. Wenye nyumba wakakumbuka wana kazi ndani.

"Lukasi, huyu mtoto ana neno," akasema. "Msikilize."

Nikamwamkia, nikasema. Nilisema kwamba hadithi yote ni utani, shangazi yangu anaisimulia kila msiba, na mtoto nimemwongeza mimi, hakuna aliyeniambia. Nilisema Mzee Damiani hakuwa na mwanya. Nilisema huo mwanya nimeuiba kwa kaka Elia mwenyewe, mlangoni kwa jikoni ya hoteli, anacheka.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Mtu hatungi kitu kama hicho hivihivi."

Nimetunga hivihivi, na mzee ana haki ya kutoamini kwamba kitu kilichomwondolea usingizi kimetoka mahali pepesi namna hiyo, kwa msichana aliyekuwa anataka mstari mzuri wa kufungia.

Ni mama ndiye aliyejibu, na hakunijibia mimi.

"Wewe meno yako ya mbele yaling'olewa na mpini wa jeki kule gengini, Elia namnyonyesha," alimwambia. "Kabla ya hapo ulikuwa na mwanya wa kupitisha njiti ya kiberiti. Umewahi kujiona, Lukasi? Kioo tulikuwa nacho lini? Mimi ndiye niliyekuona. Ulisimama pale stesheni na koleo begani ukacheka, nikaenda nyumbani nikamwambia mama yangu, huyu akileta posa mpokee."

Mzee akasema kwa sauti ndogo kwamba wenye mwanya ni wengi.

"Ni wengi. Mimi niliuona wa kwako."

Mdomo wa mzee ulikuwa umefumba, lakini niliona ulimi unapita ndani, nyuma ya mdomo wa juu, pale ambapo hakuna kitu. Ulikwenda ukarudi. Mama Elia alisimama tu, mikono kiunoni, anamtazama kwa hasira na kwa kitu kingine ambacho si changu kukiandika.

Wali ulibaki palepale. Hakuula na hakuusukuma. Dereva wa pikipiki alikuwa ananiita, wingu limefunga upande wa milimani, na mama akanisindikiza mpaka barabarani.

"Hao waliosoma unawajua wote?" akaniuliza.

"Siwajui, mama."

"Basi andika tena. Na jina lako liwe juu."

Nikamwambia nitabadilisha majina yao.

"Ya nini?" akasema. "Walishayataja kwa uongo. Wayataje na kwa kweli." Halafu akanikumbusha kwamba sijalipia kigoda, na kwamba deni la mtani ni kuku jike, si jogoo. Sikujua kama nicheke. Hakuwa anacheka, lakini aliliweka lile deni, na mtu hamdai kuku yule asiyetaka kumwona tena. Najishikilia hapo kwa sasa.

Mwalimu wangu aliwahi kunieleza kwamba wanakili wengi wa zamani walipofika ukurasa wa mwisho waliandika neno lao wenyewe. Mkono unauma, macho yamechoka, asomaye awaombee na awasamehe walipokosea. Nilicheka nikaona walalamishi hawa. Leo nimewaelewa. Waliijua kazi yao kuliko nilivyoijua mimi. Waliandika wakijua kitabu kikishaondoka mezani hakirudi kuulizwa.

Basi na mimi naandika langu, na herufi nimezifanya nyekundu:

Imesimuliwa na Zuhura. Hadithi ya kihenge ni ya watani, hutolewa msibani ili wafiwa wacheke, na haikumtokea mtu yeyote wa Kidete. Mtoto mwenye mwanya nilimwongeza mimi. Atakayeituma, aitume pamoja na mstari huu.

Najua hamtaituma. Haina kicheko, na mtu hanakili kisichochekesha. Lakini nimeambiwa niandike, nimeandika.

Nimemtumia kaka Elia ujumbe kumuuliza kama mzee amekula. Ameuona, hajajibu. Labda yuko njiani na magunia, labda mtandao, labda anajiuliza nauliza nini tena.

Kesho nina zamu ya asubuhi, na ni siku ya mchele. Sijui kama atakuja mwenyewe au atatuma mtu. Akija nitakuwa mlangoni kwa jikoni, nitamwamkia, na nitajitahidi nisimwangalie mdomo.